Mlezi Mkuu ni Nani? Chagua Jibu Moja

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, ungo wa maharage mapajani, akichambua bila kutazama vidole vyake. Mimi nilikaa kwenye benchi alilolifuta kwanza kwa ncha ya kitenge chake kabla ya kunikaribisha. Nje, mvua ya Februari ilikuwa inanyesha kwenye vilima vya Kilolo, na mjukuu wake, msichana wa miaka miwili hivi, alijibanza nyuma ya mgongo wake akikikodolea macho kishikwambi changu. Tulikuwa tumemaliza maswali ya paa, choo na chanzo cha maji, na sasa tulifika kwenye sehemu ya malezi.

Nilimsomea swali kama lilivyoandikwa, kwa kuwa kwenye mafunzo tulikatazwa kubadili hata neno moja. Mlezi mkuu wa mtoto huyu ni nani? Chini yake kulikuwa na agizo letu sisi wadadisi, wakusanyaji wa takwimu za utafiti wa ukuaji wa watoto: chagua jibu moja.

"Andika mimi," alisema. Kisha mikono ikasimama juu ya ungo. "Lakini mjukuu wangu, huyu asubuhi anakunywa uji kwa mama yake mdogo, nyumba ile pale, maana mimi nawahi shamba. Mchana anashikwa na dada yake akitoka shule. Usiku ndiyo analala na mimi. Na mama yake yuko Dar es Salaam, kazi za ndani, hela ya sabuni na sukari inatoka kwake. Sasa hapo mkuu ni yupi?"

Nikabonyeza "bibi".

Kishikwambi kikaleta swali linalofuata.

Wiki sita zimepita tangu siku ile, na bado sijaweza kuliacha jibu lile likae pale nilipoliweka. Kazi ya udadisi nimeifanya kwa miaka minane katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, na nimebonyeza majibu ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ila safari hii nilikuwa nimeulizwa swali na mtu niliyekwenda kumuuliza yeye, na niliondoka bila kumjibu.

Milimita nne

Kabla ya kuondoka tulimpima mtoto urefu. Mwenzangu alimshika magoti, mimi nikateremsha kibao cha juu hadi kikagusa nywele, tukasoma mara mbili: sentimeta 80.4. Kipimo kilikuwa safi. Tatizo likawa umri.

Kadi ya kliniki ilikuwa imeharibika, paa lilipovuja mwaka uliopita. Katika hali hiyo mdadisi hutoa kalenda ya matukio na kumsaidia mzazi kutafuta mwezi kwa kumbukumbu za mahali hapo: kuvuna, kupanda, sikukuu, uchaguzi. Bibi hakuhitaji kalenda yetu. Alisema mtoto alizaliwa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukiwa ndiyo umeanza kutoka, siku za kwanza kabisa, bado tunakunywa mtogwa mtamu usiolevya mtu. Kwa hesabu yake huo ni Desemba. Mama mdogo, aliyekuwa ameingia kuchukua moto, akamsahihisha kwa adabu: "Hapana, mama, shule zilikuwa zimeshafunguliwa. Nilikuwa nimetoka kumpeleka huyu wangu darasa la kwanza, nikarudi nikakuta uchungu umeanza." Huo ni Januari.

Tukaandika Januari, kwa sababu tarehe ya kufungua shule ina ushahidi ulio imara kuliko mianzi.

Usiku, nikiwa nyumba ya wageni, nilifungua jedwali la viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani. Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake kwa umri unaposhuka zaidi ya mikengeuko sanifu miwili chini ya kiwango cha kati, yaani akiwa mfupi mno kuliko watoto wa umri wake. Kwa msichana wa miezi 25, mpaka huo ni sentimeta 80.0. Kwa msichana wa miezi 26 ni sentimeta 80.8. Mtoto wetu alikuwa na 80.4. Kwa kumbukumbu ya bibi alikuwa amedumaa, amepungukiwa milimita nne. Kwa kumbukumbu ya mama mdogo alikuwa amevuka, kwa milimita nne vilevile.

Sisemi kwamba vipimo hivi ni vya kubahatisha. Kwa maelfu ya watoto, makosa ya mwezi mmoja huku na mwezi mmoja kule hupoozana kwa sehemu kubwa, na picha ya mkoa hubaki ya kuaminika. Kilichonigusa ni kingine. Umri wa mtoto yule, ambao dodoso liliuhitaji kutoka kwa mlezi mmoja, ulipatikana kwa sababu walezi wawili walikuwa jikoni na mmoja akathubutu kumsahihisha mwenzake. Katika fomu, mama mdogo hayumo. Hali chakula hapo, halali hapo, hapiki kwenye chungu hicho. Kwa tafsiri ya kaya tunayoitumia, yeye ni jirani.

Mikoa inayolisha nchi

Wasomaji wangu wa huku kwetu wanazijua takwimu, ila acha niziweke wazi kwa sababu ndizo zilizonipeleka Kilolo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30 kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Iringa ilikuwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Hii ni mikoa ambayo malori hupanga foleni kupakia mahindi na viazi. Chakula kipo, na watoto hawarefuki.

Kwa kuwa chakula kipo, macho ya watafiti yakahamia ndani ya nyumba. Hoja hiyo ina mantiki yake, na kwa miaka mingi niliiamini bila shaka. Kama ghala limejaa na mtoto amedumaa, basi kuna kitu kinatokea kati ya ghala na sahani: nani anapika, mara ngapi kwa siku, nani anaamua kuuza mayai badala ya kumpa mtoto, nani yuko kilabuni. Utafiti wa athari za familia kwa afya na tabia ulizaliwa kutokana na maswali kama haya, na ni maswali ya haki.

Ila nimekaa katika mikutano mingi ya kurudisha matokeo vijijini, na nimeona jinsi swali hugeuka likiwa njiani. Linatoka kwa mtafiti likiwa "kitu gani ndani ya familia kinahusiana na ukuaji wa mtoto?" Linafika kwenye mkutano wa kijiji likiwa "akina mama, kwa nini hamlishi watoto?" Anayesimama mbele ananyoosha kidole upande waliokaa wanawake, kwa sababu ndio waliokuja. Ulanzi hutajwa, akina mama hutajwa, uvivu hutajwa. Bei ya kibarua kwa siku haitajwi, wala umbali wa shamba, wala baba ambaye siku ile ya mahojiano alikuwa msituni anapasua mbao na kwa hiyo hakuulizwa chochote.

Lawama humwangukia aliyekuwa nyumbani mdadisi alipobisha hodi.

Hilo nilianza kuliona polepole, na siku ya kwanza nililikataa. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni kukusanya, na wanaotafsiri ni wengine. Lakini "bibi" niliyembonyeza mimi si data tu iliyokusanywa. Itaingia kwenye safu ya watoto wasiolelewa na mama, na siku moja mtu atalinganisha safu hiyo na safu ya urefu, kisha atasimama mahali na kusema jambo kuhusu akina mama wanaowaachia bibi watoto wao.

Na huku kwetu kuachiwa bibi kuna historia yake. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima wa Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kitaifa ni 4.4. Kabla dawa hazijafika kwa wingi, kuna vijiji ambavyo mabibi walilea kizazi kizima. Mtoto kukulia mikononi mwa bibi si dalili ya familia iliyovunjika. Katika nyumba nyingi ninazozijua, ndiyo namna familia ilivyokataa kuvunjika.

Waliopima kabla yetu

Katika wiki hizi nimerudi kusoma kazi za zamani, nikitafuta watafiti waliowahi kukutana na mashaka ninayoyapata.

Ya kwanza iliyonisimamisha ni ya Denmark. Mwaka 1986, Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wa kuasili. Walitaka kujua unene wa mtu unafuata upande gani: wazazi waliomzaa au wazazi waliomlisha. Ukafuata waliomzaa. Kwa waliomlisha hawakuona uhusiano wowote. Ukiusoma haraka, utafiti huu unasema meza ya nyumbani haina uzito, na nakiri kwamba kwa siku mbili tatu ulinivuruga, kwa sababu kama ni hivyo, mimi nimekuwa nikiuliza nini jikoni kwa watu? Kisha nikafikiria nchi yenyewe. Denmark ile, nyumba karibu zote zilikuwa na chakula cha kutosha. Mahali ambapo meza zote zinafanana, tofauti kati ya watu haiwezi kuelezwa na meza. Kwa bibi wa Kilolo, meza ya Januari, debe la mwisho la mahindi likiwa limefunguliwa, haifanani na meza ya Julai. Nguvu ya familia juu ya afya si namba moja inayoweza kusafirishwa kutoka nchi hadi nchi.

Ya pili ni ya San Diego. Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walionyesha kwamba watu wazima waliopitia aina nne au zaidi za matukio magumu utotoni, kama vile kupigwa, kudhalilishwa au kuishi na mlevi, walikuwa na uwezekano wa mara 4 hadi 12 zaidi wa kuangukia ulevi, dawa za kulevya, sonona au jaribio la kujiua, wakilinganishwa na wasiopitia lolote. Naiheshimu sana kazi ile, kwa sababu iliwafanya madaktari waulize utoto wa mgonjwa. Lakini maswali mengi yalihusu nyumba anamoishi mtoto, kana kwamba madhara huingia kupitia mlango mmoja tu. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa na mtu mzima au mwenza kabla ya kutimiza miaka 18, na miongoni mwa waliopiga walikuwamo walimu. Kule San Diego kipigo kinasaidia kuitambua nyumba yenye shida. Hapa kipigo kimekuwa cha kawaida kiasi kwamba hakitenganishi nyumba na nyumba. Hilo halipunguzi maumivu ya mtoto hata mmoja. Linamaanisha tu kwamba kwenye safu zetu madhara yake hayataonekana kirahisi, maana walio wengi wamo upande mmoja.

Mwaka 2020, Anda mwenyewe na wenzake waliandika kuonya kwamba alama ile, yaani hesabu ya aina za matukio magumu aliyopitia mtu, ni kipimo cha jamii, na haifai kutumiwa kumpima mtu mmoja mmoja na kumtabiria maisha yake. Nilipolisoma onyo hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Mtu aliyetengeneza kipimo alikuwa ameona kinavyofanywa mikononi mwa wengine, akarudi kusema.

Ya tatu, na ndiyo iliyonirudishia moyo, ni ya Kingston, Jamaika. Katika miaka ya 1980 Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24, wakawagawa kwa bahati nasibu. Baadhi walipelekewa chakula cha nyongeza. Baadhi walitembelewa nyumbani kila wiki, kwa saa moja hivi, kwa miaka miwili, na mhudumu wa afya wa mtaani aliyekuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, akacheza na mtoto pamoja na mama. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Chakula peke yake hakikuacha alama hiyo.

Mgeni wa kila wiki, mwenye muda, asiyekuja kukagua. Naye pia hakuwa wa kaya ile.

Kadi iliyokaa na karatasi za shamba

Mwezi uliopita nilikwenda Njombe kumwona mama. Nilimsimulia habari za bibi wa Kilolo na ile kadi iliyoharibika, na bila kusema neno aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni ambamo huweka karatasi za shamba. Ndani yake kulikuwa na kadi yangu ya kliniki.

Sikujua kwamba ipo.

Ilikuwa imekunjika hadi kwenye mikunjo imebaki nyuzi, lakini mchoro wa uzito ulisomeka: njia ya kijani, chini yake kijivu, chini kabisa nyekundu. Nukta zangu zinaanza vizuri, katikati ya kijani, na zinapanda hadi mwezi wa sita wa umri wangu. Mwezi wa saba zinalala. Mwezi wa nane zinashuka. Kisha hakuna kitu. Mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili: patupu. Mwezi wa kumi na tatu kuna nukta moja, ndani ya kijivu.

Kama kadi hiyo ingekuwa ya mtoto wa mtu mwingine, ningejua la kuandika. Mama aliacha kumpeleka mtoto kliniki, na mtoto akashuka. Ningeliandika bila kusita, na mtakwimu angelikuta limekaa mahali pake, likiunga mkono kile ambacho wengi wanakitarajia.

Nikamuuliza mama ile miezi minne kulikuwa na nini.

Alinyamaza kwa muda, akalainisha kadi juu ya goti lake. Alisema mwaka ule alikuwa anachuma chai, analipwa kwa kilo, na asubuhi ndiyo yenye majani mengi, kwa hiyo alikuwa akiniacha kabla hakujapambazuka vizuri na matiti yakimuuma hadi saa nane. Mwezi wa nane aliomba ruhusa akanipeleka kupimwa. Muuguzi alipoona nimeshuka aliinyanyua kadi juu, mbele ya akina mama wote waliokuwa kwenye foleni, akasema waangalieni mama wa namna hii.

"Nikasema sirudi tena pale," mama alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Na hii ya mwezi wa kumi na tatu?"

"Hiyo ya bibi yako. Alikubeba mgongoni akakupeleka chanjo ya surua, kwa mguu, mimi nikiwa shambani. Mimi sikuweza kuonyesha uso."

Kisha akasema jambo ambalo tangu hapo silali nalo vizuri. Alisema hadi leo, kila ninapompigia simu kumwambia naumwa, hata mafua, yeye hurudi kwenye ile miezi minne.

Nina miaka thelathini na sita.

Nimeirudia hesabu ile kichwani tangu nitoke Njombe. Kushuka kwangu kulitangulia kuacha kliniki. Aliacha kwa sababu nilishuka, na kwa sababu ya namna alivyoambiwa. Jedwali lingeona vitu viwili vikienda pamoja na lingekuwa sahihi, lakini mshale ungechorwa kinyume. Na muuguzi yule, aliyetaka bila shaka kunisaidia, aliutumia ujuzi wa kweli kabisa, kwamba mama ana uzito mkubwa katika afya ya mtoto, na kwa kuutumia vile akamwondoa mama huyo mahali pekee ambapo mtoto wake angepimwa.

Sijui ni kadi ngapi nilizowahi kuzisoma zina mapengo ya namna hiyo. Nilikuwa nikiyaandika "hakuhudhuria".

Kisanduku cha mwisho

Nimezungumza na msimamizi wetu. Ni mtu makini na alinisikiliza hadi mwisho. Aliniambia, na ninamwelewa, kwamba swali lenye majibu mengi ni gumu kuchakata, kwamba tafsiri ya kaya lazima ifanane na ya tafiti zilizotangulia ili miaka ilinganishike, na kwamba seti ya data ya Kilolo imeshafungwa. Alikubali kulipeleka swali la mlezi kwenye maandalizi ya awamu ijayo: nani alimlisha mtoto jana asubuhi, jana mchana, jana usiku, na nani alilipia. Maswali manne mahali pa moja. Yataongeza dakika tatu kwa kila kaya, na dakika tatu katika kaya mia kadhaa ni siku za posho za wadadisi. Naijua hesabu hiyo, na bado naona zinastahili kulipwa.

Mwishoni mwa kila dodoso kuna kisanduku cha maoni ya mdadisi. Siku ile nilikiacha wazi. Mvua ilikuwa haijakatika, kaya tatu zilikuwa zimebaki kabla ya giza, na bibi alikuwa ameshaniwekea mahindi ya kuchoma kwenye gazeti nile njiani. Hiki ndicho nilichopaswa kuandika humo:

Uji wa asubuhi hutolewa na mama mdogo, nyumba ya pili kushoto, ambaye pia ndiye aliyekumbuka mwezi wa kuzaliwa. Mchana mtoto hushikwa na dada yake wa darasa la tatu. Usiku hulala na bibi. Mama hutuma pesa kila mwisho wa mwezi kwa simu ya mjomba, kwa sababu bibi hana laini. Mjomba huleta zote na hajawahi kukata. Baba hakuulizwa kwa kuwa dodoso halina swali lake. Wakati wa kupimwa mtoto alilia, akanyamaza mama mdogo alipoanza kumwimbia kutoka mlangoni, ndipo akasimama wima.